Mwalimu wa Baiolojia Aliyekwenda Edinburgh

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba sisi wa kamati ya jarida hujiuliza tuandike nini juu ya Baba wa Taifa ambacho hakijaandikwa mara mia. Mwaka huu hatukujiuliza sana. Habari tuliletewa na binti mmoja wa hapahapa Ilford, tena kwa njia ya ubishi.

Ilikuwa wiki ya kumbukumbu ya Mwalimu, mwezi Oktoba. Akina mama walikuwa jikoni wanakata vitunguu vya pilau, vijana wanapanga viti ukumbini, na baba mmoja alikuwa anamkanya bintiye mbele ya watu. Binti yuko mwaka wa mwisho wa shule, amesoma hisabati, kemia na historia, na sasa anataka kuomba chuo kikuu kwa historia. Baba anataka kemia. Alipoona hoja zake haziingii, akamtaja Mwalimu: kwamba Nyerere aliwataka watoto wa Tanzania wasome sayansi. Binti akajibu kwa heshima, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba Mwalimu mwenyewe aliletwa Uingereza kusoma sayansi akaiacha. Watu wakacheka. Kisha wakatugeukia sisi wazee tuseme nani mkweli, na aibu ni kwamba hatukuwa na jibu. Wengi wetu tulidhani Mwalimu alisoma siasa, au sheria, au ualimu tu.

Basi tukaenda kusoma. Binti alikuwa mkweli, baba naye hakuwa mwongo, na kisa chenyewe ni kirefu kuliko ubishi wa ukumbini.

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi na kulima, na hakuvaa viatu vya shule mapema. Kitu kimoja alichokipenda tangu akiwa mdogo mpaka uzeeni ni bao. Masimulizi ya nyumbani kwao husema kuwa wazee waliocheza naye walishangaa jinsi mtoto yule alivyohesabu kete kabla hajazigusa, na kwamba mmoja wao ndiye aliyemshauri mtemi ampeleke shule. Wanaojua bao wanaelewa kwa nini. Anayecheza bila kuhesabu mashimo matatu mbele hufungwa mapema.

Alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, katika shule ya Mwisenge, Musoma, kilomita kama 40 kutoka kwao. Watoto wa Ilford wanaolalamikia basi la asubuhi tunawaomba waisome sentensi hiyo tena. Mwaka 1937 alichaguliwa kwenda shule ya serikali ya wavulana Tabora, ambayo Waingereza waliiendesha kwa mfano wa shule za kwao za mabwana. Huko alisoma kwa bidii, akajiunga na midahalo, akamaliza mwaka 1941.

Januari 1943 aliingia Makerere, Kampala, kwa msaada wa masomo wa kusomea ualimu. Hapa ndipo sehemu ambayo wengi wetu hatukuijua. Masomo aliyochukua Makerere yalikuwa kemia, baiolojia, Kilatini na Kigiriki. Ukimuuliza leo mshauri wa masomo wa shule yoyote ya mtaani kwetu kama mtoto anaweza kuchanganya kemia na Kigiriki, atakuangalia mara mbili. Wakati huohuo alikuwa anasoma vitabu vya falsafa usiku, hasa vya Mwingereza John Stuart Mill, na aliandika insha juu ya kukandamizwa kwa wanawake akitumia mawazo ya Mill kuitazama jamii yake ya Kizanaki, akashinda shindano. Baada ya baba yake kufariki mwaka 1942 alibatizwa, Desemba 1943, akaitwa Julius.

Makerere ya wakati ule haikutoa shahada. Kijana aliondoka na stashahada mkononi, na kama alitaka shahada ilimbidi avuke bahari. Lakini kwanza alirudi Tabora kufundisha. Shule ya serikali ilimtaka, na mshahara wa serikali ulikuwa bora pamoja na pensheni. Yeye akaenda shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, chini ya Padri Richard Walsh, na somo lake darasani lilikuwa baiolojia, pamoja na Kiingereza.

Tutulie hapo kidogo, maana picha hii hatukuwahi kuwekewa na yeyote. Mtu tuliyezoea kumwona kwenye picha amevaa suti ya kola ya Mao, ameshika kifimbo, alikuwa kwanza mwalimu kijana wa Tabora anayefundisha wavulana viungo vya mmea na vya mnyama. Jioni aliwafundisha watu wa mjini Kiingereza bila malipo. Kwa muda alifanya pia kazi ya ukaguzi wa bei: anaingia dukani, anaangalia sukari au kitambaa kinauzwa kiasi gani, analinganisha na bei iliyowekwa na serikali, anaandika ripoti. Ripoti zake hazikushughulikiwa, akaiacha kazi hiyo. Tunadhani somo hilo nalo lilimkaa, kwamba hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isibadilishe kitu, kama aliye juu hataki kuisoma.

Padri Walsh alimhimiza aombe nafasi ya kwenda Uingereza. Mwaka 1947 aliomba ufadhili wa mfuko wa serikali ya kikoloni wa maendeleo na ustawi, akakosa. (Vijana wanaosubiri barua za vyuo, msipite hapo haraka.) Akafanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, akafaulu Januari 1948 kwa daraja la pili, si la kwanza. Akaomba ufadhili tena, na safari hii akapata. Hata hivyo alisita. Mshahara wake ndio uliokuwa ukimsaidia mama yake na wadogo zake Butiama, na mwanafunzi hana mshahara. Katika ukumbi wetu hakuna familia isiyoijua hesabu hiyo. Kila mwezi tunapotuma fedha nyumbani tunaifanya.

Aprili 1949 alisafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam mpaka Southampton, kisha kwa treni kupitia London mpaka Edinburgh. Alipanga katika nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni, mtaa wa Grange. Mwaka ule, Waafrika kutoka Afrika Mashariki ya Waingereza waliokuwa wanasoma Uskoti walikuwa wawili tu, na yeye ni mmoja wao.

Njia aliyowekewa ilikuwa ya sayansi. Ndiyo iliyofaa mwalimu wa baiolojia, na ndiyo watawala waliyoiona kuwa na faida: mwalimu arudi na shahada ya sayansi, afundishe sayansi. Alianza na kozi fupi ya fizikia na kemia, na akafaulu pia mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Uskoti. Kisha, Oktoba 1949, alipoingia chuo kikuu rasmi, hakuingia kitivo cha sayansi. Aliomba kubadilishiwa, akaingia kitivo cha sanaa kusomea shahada ya kawaida.

Hilo ndilo binti alilolisema, na ni kweli. Lakini wako vijana wanaolitumia kisa hiki kama tikiti ya kukimbia hisabati, kwa hiyo tunaomba waangalie kilichofuata.

Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya jamii na tamaduni za watu. Mwaka wa pili, historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Yapange masomo hayo kwa mstari uone yanafanana na nini. Ni orodha ya mtu anayetaka kujua nchi inatawaliwa vipi, utajiri wake unagawanywa vipi, na Mwingereza mwenyewe amefika vipi alipofika. Hakuchagua masomo kwa sababu mengine yalikuwa magumu. Fizikia na kemia alikuwa amezianza tayari, na baiolojia aliifundisha miaka mitatu. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba Edinburgh ndiko mawazo yake yote ya siasa yalikopata umbo, na kwamba alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusoma na kufikiri. Alama zake hazikuwa za kung'ara. Alifaulu kila somo, na Julai 1952 akapata shahada yake.

Kuna jambo la mfumo ambalo wazazi wa Ilford hawana budi kulijua, kwa sababu ndilo lililomwezesha. Uskoti, tangu zamani, shahada ya kwanza ni pana. Mwanafunzi huingia, husoma masomo kadhaa kwa mwaka mmoja au miwili, ndipo hubana. Huku England mlango hubanwa mapema mno. Mtoto wa miaka 16, ambaye juzi alikuwa anagombania rimoti ya televisheni, huambiwa achague masomo matatu, na kwa kuchagua matatu amekwisha kufunga milango mingine bila kujua. Asiyesoma hisabati miaka hiyo miwili ni vigumu kupokelewa kwenye uhandisi au fizikia. Asiyesoma kemia, vyuo vingi vya udaktari havitamtazama. Sisi tuliosoma Tanzania tunafikiri tunaujua mfumo huu kwa sababu tulikuwa na tahasusi: PCM, PCB, HGL na nyingine. Unafanana lakini si uleule. Kule, mara nyingi, alama za kidato cha nne na nafasi zilizopo ndivyo viliamua. Hapa mtoto ndiye anayeamua, na mzazi hufahamu mambo yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo ubishi wa sayansi au sanaa usingoje mwaka wa fomu ya UCAS. Uanze mtoto akiwa na miaka 14 au 15, nyumbani, taratibu, mbali na sufuria za pilau.

Tuongeze pia hesabu ya fedha, kwa kuwa wengi hutuuliza. Mtoto wa Ilford akienda Uskoti hulipa ada, tofauti na mkazi wa kule ambaye ada yake hulipwa na serikali ya Uskoti, na shahada ya kule kwa kawaida ni miaka minne badala ya mitatu. Upana una bei yake.

Turudi kwa Mwalimu. Baada ya shahada alikaa kidogo London akitembelea shule na vyuo, na Oktoba 1952 akarudi nyumbani kwa meli. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, mchumba aliyemsubiri miaka yote ya Uskoti. Akaanza kufundisha tena, sasa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Somo lake halikuwa baiolojia tena bali historia. Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuka TANU. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akatakiwa achague: chaki au siasa. Akajiuzulu ualimu mwezi huohuo, akiwa na mke, mtoto, na bila mshahara. Tukipima machaguo yake mawili, lile la Edinburgh na hili la Pugu, la pili ndilo zito. Lakini bila la kwanza, pengine la pili lisingemfikia kabisa.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, siku tunayoisherehekea leo. Na hapa sayansi ikamrudia.

Mwalimu mwenyewe alikumbusha hata alipokuwa amekwisha kustaafu kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya kutawala zaidi ya miaka 40, waliacha Watanganyika wenye mafunzo ya uhandisi wawili na madaktari 12. Watu wa nchi hiyo walikuwa zaidi ya milioni 9. Chukua idadi ya ukumbi wetu wa leo usiku, wahesabu wauguzi, wafamasia, mafundi wa kompyuta na wahandisi waliokaa kwenye meza hizi, utaona tumeizidi Tanganyika nzima ya siku ya uhuru. Aliyekuwa ameiacha sayansi kwa hiari yake ndiye sasa aliyekaa Ikulu akitafuta wa kuchimba visima, wa kupima barabara, wa kutibu ndui na malaria, na hawapo.

Chuo kikuu kilianza wiki chache kabla ya uhuru wenyewe, Oktoba 1961, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Sayansi ilingoja mpaka 1965, chuo kikiwa kimekwisha kuhamia Mlimani. Kitivo cha udaktari kilikuja 1968, kilimo 1969 kule Morogoro, na uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kabla ya hapo aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Miaka 12 ya uhuru bila kitivo cha uhandisi nyumbani. Si kwa kutotaka, bali maabara ni ghali kuliko chumba cha mihadhara, na walimu wa kufundisha humo walibidi nao wafundishwe kwanza.

Sasa tuseme jambo ambalo katika jarida la sherehe si kawaida kulisema. Mpango wa miaka mitano ulioanza 1964 uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wake. Ili kufika huko, msaada wa masomo ya chuo uligawanywa kwa kufuata mahitaji ya nchi: wahandisi wangapi, walimu wa hisabati wangapi, madaktari wangapi. Mwanafunzi aliyelipiwa na serikali alitia sahihi kuitumikia kwa miaka kadhaa. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka ile aliyepangiwa sayansi na akataka kuhama kwenda sanaa, kama alivyofanya Mwalimu mwaka 1949, angeambiwa hapana. Mlango alioupita yeye aliufunga, au tuseme aliurudishia, nyuma yake.

Tulijadiliana sana katika kamati kama tuliandike hili. Mmoja wetu, mama aliyepangiwa ualimu wa fizikia mwaka ambao hakutaka hata kuisikia fizikia, alisema liandikwe. Alisema alilia wiki nzima, kisha akafundisha miaka kumi na moja, na wanafunzi wake wawili leo ni madaktari. Tulipomuuliza kama alipangiwa vizuri au vibaya, alisema hajui mpaka leo. Sisi tunaona kwamba nchi yenye wahandisi wawili haikuwa na anasa ya kumsubiri kila kijana ajitambue, na hatumlaumu Mwalimu. Ila tunaona pia kwamba kama Mkoloni wa 1949 angekuwa mkali kama mipango yetu ya 1964, Tanganyika ingepata mwalimu mmoja mzuri wa baiolojia, na historia nyingine kabisa.

Hapo ndipo tunapomwelewa yule baba wa ukumbini. Tunaifahamu habari yake kwa kuwa ni habari ya wengi. Alifika nchi hii na shahada ya sanaa kutoka nyumbani, akaambiwa haitambuliki vizuri, au Kiingereza chake kina lafudhi, akafanya kazi ya usiku ghalani, kisha kazi ya kutunza wazee, na miaka ikapita. Aliona kwamba muuguzi na mhasibu hawakuulizwa sana juu ya lafudhi. Namba ni namba kokote. Anapomsukuma bintiye kwenye kemia hajaribu kumtawala, anajaribu kumkwepesha ghala. Kumjibu mtu wa namna hiyo kwamba fuata moyo wako ni kumtukana. Binti naye, kwa kusema kweli, hakumjibu hivyo. Alisema anataka kujua kwa nini nchi ya babu yake imekuwa ilivyo. Hilo lilikuwa pia swali la kijana wa Grange.

Tofauti ni kwamba kijana wa Grange alikuwa na jibu alipoulizwa la nini. Alikuwa anakwenda kuifanya kazi fulani. Tunafikiri hilo ndilo swali ambalo baba angeuliza badala ya kutaja sayansi au sanaa, na ambalo binti angejiandaa kulijibu, hata kama ataishia kwenye kemia. Linamhusu pia mtoto anayesoma hisabati kwa sababu tu alama zake ni nzuri.

Mtu asidhani kwamba Mwalimu, kwa kuwa aliacha maabara, alikuwa wa vitabu vitupu, wala kwamba alipokuwa Rais aliacha vitabu. Mwaka 1963, nchi ikiwa changa na kazi zikiwa tele, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alilima Butiama kwa mikono yake. Na bao aliendelea kulicheza, na wanaosimulia husema hakupenda kushindwa.

Alistaafu urais mwaka 1985. Mwisho wake ulikuwa hapa London. Aliletwa kutibiwa saratani ya damu katika hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto Thames ukitazamana na Bunge, na akafariki humo tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77. Kutoka kituo cha Ilford mpaka pale haifiki saa moja. Wapo kati yetu waliokwenda kusimama nje siku ile, wengine wametoka kazini na sare zao, wakiwa hawajui waseme nini wala wamwambie nani. Mama mmoja alikuwa muuguzi katika hospitali nyingine ya jiji. Anasema alichowaza ni kwamba ndani mle, usiku ule, lazima kulikuwa na muuguzi Mwafrika zamu yake. Alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Kuhusu binti wetu, ameomba tusimtaje jina, na baba yake vilevile. UCAS humpa mwombaji nafasi tano, na mwisho wa kutuma kwa masomo mengi ni Januari. Tunapopeleka jarida hili kuchapwa fomu yake bado haijatumwa. Tulichokisikia ni kwamba wamekaa wawili mezani Jumapili mbili mfululizo, na kwamba baba amemuuliza mmoja wa kamati, kwa siri, kama Edinburgh kuna baridi sana.